Mti wa Magurudumu Mawili

Kilima chao, juu ya kijiji cha Kirolirwe, kilikuwa na sheria moja ambayo hata padri hakuthubutu kuigusa. Mgonjwa alikuwa wa kilima kizima. Akizidiwa, ilitolewa ngobyi, ile machela ndefu iliyosukwa kama kikapu, ikapitishiwa miti miwili, na kila nyumba ikatoa mwanamume wa kuweka bega chini ya mti. Nyumba isiyotoa bega haibebewi mtu. Wazee waliikuta hivyo, na mwaka ule wa 1953 ilikuwa bado hivyo.

Straton, kijana wa nyumba ya mjane Nyiramahoro, hakutoa bega.

Siku ile Libérata, mke wa mwana wa mzee Sebarenzi, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, zamu ilikuwa ya Straton. Walimwita, wakamwita tena, sauti ikapita juu ya malisho mpaka ng'ambo. Hakuwa mbali. Alikuwa kwenye mteremko wa nyuma, juu ya mti wake wa magurudumu, upepo umemjaa masikioni, na hakusikia kitu isipokuwa upepo huo na kicheko chake mwenyewe. Mzee Gasana, ambaye mabega yake yalikwisha kupumzishwa, akaingia mahali pake. Penye mteremko mkali aliteleza, goti likageuka, ngobyi ikalala upande, na Libérata akazaa njiani, juu ya majani yenye umande, wanawake wamemzungushia vitenge kama ukuta. Mtoto aliishi. Lakini goti la Gasana halikurudi kuwa goti, na kilima hakikusahau.

Sebarenzi ndiye aliyeitunza ngobyi chini ya paa la nyumba yake, na ndiye aliyepanga zamu. Hakuwa mtu wa kelele. Jumapili, baada ya misa, aliingia katika ua wa Nyiramahoro na watu nyuma yake, akasema akiwa amesimama, maana aliyekuja kwa neno kama lile hakai.

"Straton, ule muti yako uulete kwangu. Tutaupasua mbele ya bantu bote, tupike nao maharagi. Siku utauleta, nyumba yenu inarudi kwa ngobyi. Mbele ya ile siku, hapana."

"Muti yangu haikumuangusha Papa Gasana," alijibu Straton. "Ni matope ilimuangusha."

Gasana alikuwa hapo, ameegemea fimbo. "Ao pengine nilijiangusha miye mwenyewe," alisema. "Nilikuwa nimechoka kusimama tangu nilizaliwa."

Watu walicheka. Straton hakucheka.

"Sitauleta," alisema.

Mama yake alikuwa mlangoni, anapukuchua maharagwe katika ungo. Hakuinua kichwa, na vidole vyake havikusimama. Straton angependa zaidi kama angemtukana.

Mti wenyewe ulizaliwa hivi. Kaka yake mkubwa, Théogène, alifanya kazi huko Walikale, kwenye machimbo ya madini. Straton alishuka kumwona, akatembea msituni mpaka miguu ikavimba, na huko akakuta watu wanasukuma mchanga katika toroli za gurudumu moja. Aliliangalia lile gurudumu kuliko alivyomwangalia kaka yake. Kabla ya hapo, Bihambwe kwa wajomba, alikuwa ameona pikipiki ya padri ikipita, imetapika moshi na kuwafukuza kuku. Kati ya toroli na pikipiki, alisema, kulikuwa na kitu kimejificha, na Mungu amemwachia yeye akitoe.

Alirudi na kibuyu cha mafuta ya mawese na kichwa kinachochemka. Akaangusha mkaratusi, akachonga gogo refu lililonyooka kuliko mkuki, akachonga magurudumu mawili ya msave, mti mgumu wa milimani, dogo la mbele na kubwa la nyuma. Mbele akasimamisha usukani kama pembe za ng'ombe. Nyuma akapigilia kipande cha mpira alichokata kwenye kandambili kuukuu ya tairi, ili kisigino kikikanyaga, gurudumu likamatwe. Ekseli akazipaka mawese. Siku ya kwanza aliposhuka nao alilia kama mbuzi. Siku zilizofuata alijifunza kufunga mdomo, asimeze nzi. Kisha akajua kwamba hakuna ngoma wala wimbo unaojaza kifua cha mtu namna ile: nyasi zinakimbia, ng'ombe wanageuza vichwa, na wewe huna uzito, huna baba aliyekufa, huna deni la zamu, una macho tu na upepo.

Dada yake, Verdiane, aliuita "bibi yako", yaani mke wake. Mvua ikianza husema: "Kaka, bibi yako analala inje. Atakohoa."

Lakini aliyekohoa alikuwa mama.

Kikohozi kilianza kama mafua. Kisha kikashuka mbavuni, upande wa kulia, na kila alipovuta pumzi alisimama katikati kama mtu aliyekanyaga mwiba. Walimchemshia majani, wakamkanda kwa siagi ya moto. Homa haikutoka. Asubuhi moja Straton aliamka akasikia pumzi ya mama yake imekuwa fupi, inagonga, inakimbia, kama ya mbwa aliyetoka kuwinda. Verdiane alikuwa amepiga magoti pembeni.

"Mate yake iko na rangi ya kutu," alisema dada. "Kaka, hii ni kichomi. Leo anafika kwa masera, ao hafiki tena. Enda kwa Papa Sebarenzi."

Dispanseri ya masera, yaani masista, ilikuwa ng'ambo ya bonde, juu ya kilima cha pili, na huko kulikuwa na sindano. Nyumba ya Sebarenzi ilikuwa karibu kiasi kwamba moshi wake uliingia kwao. Straton alijua maneno ya kusema huko. Yalikuwa machache, na mtoto mdogo angeyaweza. Alisimama, akachukua kamba iliyotundikwa ukutani, akatoka. Verdiane alishusha pumzi, akidhani ameenda kuukokota mti mpaka kwa mzee.

Alikuwa ameenda kupaka magurudumu mafuta.

Alipourudisha mti mbele ya mlango, Verdiane alisimama kizingitini, mikono kichwani.

"Weye uko na akili?"

"Mbele ya ngobyi kufika chini, miye nitakuwa nimefika juu ya ule mulima."

"Na kama anaanguka?"

"Haanguki."

"Nakuuliza kama anaanguka."

Sauti ya mama ikatoka ndani, nyembamba, ikajipumzisha katikati ya kila neno. "Ni ule muti... wenye banataka kupasua?"

"Njo ule, Mama."

Kuku aliingia, akazunguka, akatoka.

"Verdiane," alisema mama. "Unifunge vizuri."

Walimkalisha juu ya gogo, miguu upande mmoja, amefunikwa blanketi, mgongo wake umeegemea gunia la maganda ya maharagwe, na kamba ya migomba ikapita kiunoni. Verdiane alimwekea beseni mapajani, la kutemea mate. Kisha akamtazama kaka yake kwa jicho ambalo Straton alilibeba safari nzima.

Walianza kushuka.

Mteremko wa kwanza ulikuwa mpole na Straton aliujua kama ulimi unavyojua meno. Alisimama nyuma ya mama, mikono imepita juu ya mabega yake kushika usukani, kisigino kinagusa mpira, kinaachia, kinagusa. Magurudumu yaliimba polepole. Jiwe likija alilikwepa kabla halijafika. Alianza kusikia kile kiburi kizuri tumboni. Aliwaona tayari watu wa kilima watakapoambiwa: alimvusha peke yake, kwa ule ule mti. Aliuona uso wa Sebarenzi.

Ndipo mwanga ulipobadilika. Wingu lilikuwa limekaa juu ya malisho tangu asubuhi, na sasa likawa na tumbo la kijani kibichi kama nyongo. Ng'ombe waliacha kula. Upepo ulikatika, baridi ikashuka wima, na jiwe la kwanza likaanguka juu ya usukani, tak, likaruka.

"Mama, weka beseni kwa kichwa."

Alikuwa ameliweka tayari.

Mvua ya mawe haikuja kidogo kidogo. Ilimwagwa. Mawe makubwa kama maharagwe, mengine kama kokwa za parachichi, yalipiga beseni mpaka likalia kama kengele ya kanisa, yakampiga Straton utosini, masikioni, kwenye vidole vilivyoshika usukani. Hapakuwa na mti wa kujificha. Wenye ng'ombe walikuwa wamekifyeka kilima chote kuwa malisho, na palikuwa na nyasi tu na mbingu. Alitaka kusimama. Alikanyaga mpira kwa uzito wake wote. Gurudumu la nyuma likakamatwa, likaacha kuzunguka, na mti haukusimama.

Ardhi ilikuwa imegeuka nyeupe chini yao. Magurudumu hayakuimba tena. Mti ulikuwa unateleza, kimya, kama kitu kinachovutwa na mkono kutoka bondeni, na mwendo ulizidi, na mbele njia ilipinda kushoto, na kulia kwake kulikuwa na korongo.

Straton aligeuza usukani. Gurudumu la mbele likageuka vizuri, kwa utii, na mti ukaendelea moja kwa moja.

Hapo alisikia sauti kutoka chini ya beseni. Ilikuwa inakatika, inapanda, inakatika.

"Mama, unalia?"

"Angalia mbele," alisema Nyiramahoro. "Acha ile mupira. Acha, nakuambia. Ukiifunga inateleza zaidi."

Aliachia. Gurudumu likazunguka, likauma kidogo.

"Sasa lalia kwa kilima. Kwa kilima, hapana kwa bonde. Na mwili yote. Teremusha muguu."

Mwenyewe alikuwa tayari amejilaza upande wa kilima, na kisigino chake kikavu, kisigino cha mgonjwa, kilikuwa kimetoka katika blanketi kinachora mstari katika weupe. Straton alijilaza naye, akateremsha mguu. Mti ulitetemeka, ukafikiri, ukaanza kupinda. Ukapita kando ya korongo karibu kiasi kwamba mawe yaliyorushwa na gurudumu yalidondokea humo na hakusikia yakifika.

Mama alikuwa anacheka. Kicheko kile kilikuwa kinamuumiza, kila kipande kilimkata mbavu, lakini hakuweza kukizuia. Na kabla hawajamaliza kona alianza kuimba, si kwa sauti, kwa pumzi tu, wimbo ambao Straton hakuwahi kuusikia katika nyumba ile ya watu wazito:

*Mawe ya mbingu, msiyeyuke,*
*ngojeni kwanza tuteleze;*
*mama akiita, tusisikie,*
*mpaka chini tujimwage.*

"Bihambwe," alisema, "kwetu. Kama mawe imeanguka, tulikuwa tunakimbia mbele isikuwe maji. Tunachuna ganda ya mugomba, tunaikalia. Basichana na bavulana." Alivuta pumzi, ikagonga. "Hakuna muvulana... alinipita. Hata mumoja. Baba yenu aliniona mara ya kwanza pale. Nilimugonga."

Straton alikuwa na umri wa kuoa na hakujua kwamba mama yake aliwahi kuteleza. Alijua mikono yake, maharagwe yake, rozari yake. Kwa muda mfupi, mfupi kama mteremko ule, walishuka pamoja katika weupe ule usiokuwa na sauti, bila uzito, mbingu inawapiga mawe na hawajali, na alisikia kupitia mikononi mwake kwamba mwili uliokuwa mbele yake ulikuwa wa msichana. Kisha mti ukaingia katika mafunjo ya bondeni, ukazama mpaka ekseli, ukasimama.

Mvua ya mawe ikasimama nayo, kana kwamba ilikuwa inawafuata wao tu.

Akamtoa mama beseni kichwani. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Kicheko kilikuwa kimegeuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha, na mate yaliyoanguka juu ya mawe meupe yalikuwa na kutu zaidi ya asubuhi. Alipomaliza alifunga macho. Hakuyafungua alipoitwa. Aliinua kidole tu, kuonyesha kwamba yupo.

Straton aliuchomoa mti kutoka katika matope, akauvusha penye maji madogo, akaugeuza kuelekea mlima wa pili. Juu kabisa aliona paa la bati la dispanseri. Kati yake na lile paa kulikuwa na mteremko mweupe, uliosimama kama ukuta wa kanisa.

Alisukuma. Walipanda hatua chache, miguu ikamtoka, mti ukarudi nyuma na kumgonga kifuani. Alichimba visigino, akasukuma kwa bega, kwa kichwa, akiutukana mkaratusi na aliyeupanda. Mti ulipanda kidogo, ukarudi kidogo zaidi. Alimfungua mama, akajaribu kumbeba mgongoni kama mtoto. Mara tu alipomkunja, pumzi ya mama ikasimama kabisa, macho yakafunguka, akampiga begani kwa kiganja, mara na mara. Akamshusha upesi. Mama alihitaji kulala. Hakuweza kubebwa ila akiwa amelala, na mtu mmoja hawezi kumbeba mtu aliyelala.

Straton alikuwa amefikiri kila jambo. Mafuta, kamba, mpira, korongo. Hakuwa amefikiri kwamba mti wake ulijua njia moja tu, na njia hiyo ilikuwa ya kushuka. Sikuzote alipofika chini alikuwa kijana mwenye nguvu na mchana mzima wa kuurudisha juu.

Akainua macho akawaona.

Walikuwa nusu ya kilima cha nyuma, upande wa malisho, wanakusanya ng'ombe waliotawanywa na mvua. Makuza, mwenye mabega mapana. Wengine wawili. Gasana na fimbo yake. Na katikati, katika koti refu la kijeshi alilolipata nani ajuaye wapi, Sebarenzi. Walikuwa wamesimama wanatazama bondeni. Walikuwa wameona yote.

Ngobyi haiitwi na mtu mwingine. Huitwa na mwenye mgonjwa, kwa jina la nyumba yake, na akiisha kuita amejiweka chini ya neno la mwenye kuitunza. Kila mtoto wa kilima alilijua hilo. Kwa hiyo walisimama, wakangoja.

Straton naye alisimama. Kama mama yake angesema neno moja, angekasirika, na hasira ingempa pa kushika. Hakusema. Alikuwa amelala juu ya gunia, amekumbatia blanketi, na sauti pekee bondeni ilikuwa pumzi yake na mawe yanayoyeyuka katika mafunjo.

Aliweka mikono mdomoni.

"Ngobyi, eee. Nyumba ya Nyiramahoro. Mugonjwa iko huku."

Sauti ilipasuka njiani kama ya kijana anayebalehe. Ilifika kule, ikarudi. Hakuna aliyesogea. Sebarenzi hakuinua mkono. Ng'ombe mmoja alilia.

Straton alielewa kinachongojewa, na kwamba hakuna atakayemwomba mara ya pili. Alitazama mti wake. Ulikuwa umelala upande, gurudumu dogo linazunguka lenyewe polepole kwa mawese yake mazuri.

"Muti iko hapa," aliita. Safari hii sauti ilikuwa nzima. "Nimeuleta."

Sebarenzi akachoma fimbo yake ardhini, akaanza kushuka, na wengine wote wakashuka naye.

Walishuka wakiteleza, wakishikana. Gasana hakujaribu hata kutembea. Alikaa chini, akaweka fimbo mapajani, akajisukuma, na mzee huyo akateremka kwa makalio kilima kizima, akawapita wote, akafika wa kwanza, suruali imelowa.

"Nilisema sitakuja tena kwa ngobyi na miguu," alisema akihema. "Sikukuja na miguu." Kisha alimwona Nyiramahoro, na mzaha ukamtoka usoni. "Mama Straton. Tuko hapa. Usilale sasa."

Sebarenzi alifika, akaweka kiganja juu ya paji la mgonjwa. "Ngobyi iko kwangu, juu," aliwaambia wengine. "Kupanda kuileta, na ile barafu, ni kumupoteza. Tutamubeba na blanketi. Tunataka muti."

Wote wakageuka kutafuta, kwa mazoea tu. Mafunjo. Nyasi. Mafunjo. Macho yakazunguka bonde lote yakarudi mahali pamoja, kwenye gogo lile la mkaratusi, refu, lililonyooka kuliko mkuki.

Makuza alikuwa na panga kiunoni, na Straton ndiye aliyenyoosha mkono.

Alianza na usukani. Alijua kila kabari, maana kila kabari aliipiga mwenyewe, na alijua ipi ikitolewa nyingine italegea. Alizipiga kwa mgongo wa panga. Gurudumu la nyuma lilikataa, alilikwanyua, likapasuka kwa sauti kama ya mfupa. Dogo la mbele lilitoka bila neno, likabingirika mpaka kwenye blanketi la mama yake. Kazi ya miezi iliisha kabla jasho halijamfika machoni. Wanaume walitazama pembeni, kama watu wanavyotazama pembeni mtu akivuliwa nguo.

"Polepole," alinong'ona Gasana. "Usikate na gogo. Njo njia yetu."

Walimlaza mama katika blanketi, wakafunga ncha kwa kamba juu ya gogo, akaning'inia chini yake kama mtoto katika mbeleko.

"Mbele ni mahali ya mwenye mugonjwa," alisema Sebarenzi.

Straton akaweka bega. Makuza akaweka lake nyuma, wakasimama, na Makuza akaguna.

"Mama, weye unakuwa muzito kushinda ugonjwa."

Wakapanda. Mmoja alitangulia akitoboa barafu kwa fimbo, shimo la kisigino baada ya shimo la kisigino. Mmoja alishika mgongo wa Straton, mwingine wa Makuza, na Gasana akafuata nyuma akijivuta kwa fimbo. Gogo lilinuka mawese, na harufu ile ilimwingia puani Straton kila alipovuta pumzi, na nyuma yake, chini ya gogo, alisikiliza pumzi ya pili. Ilikuwa inapiga hatua zake. Ikichelewa, moyo wake ulisimama. Penye mwinuko mkali mguu wake ulitoka shimoni, goti likapiga jiwe, gogo likashuka, na mikono mitatu ikamkamata kabla blanketi halijagusa chini. Mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wa Sebarenzi.

"Toka," alisema mzee. "Aingie mwingine."

"Naweza bado."

"Sikukuuliza kama unaweza. Toka. Unatetemeka, utamuangusha."

"Ni mama yangu."

"Pale chini ulituita kwa nini?"

Alitoka. Mwingine akaingia, gogo halikukosa bega hata kidogo, na Straton akajikuta anatembea kando na bega jepesi, anashika mgongo wa mtu, kama yeye alivyoshikwa. Hakuwahi kujua kwamba hilo ni gumu zaidi kuliko kubeba.

Masera Joséphine-Marie alikuwa uani anaokota majani ya bustani yaliyokatwakatwa na mawe. Aliwaona, akatupa kikapu. Walimwingiza mama, na masera alipofungua blanketi, mikono ya mgonjwa ilikuwa imekumbatia kitu tumboni, na haikutaka kukiachia. Ilibidi aiinue kidole kwa kidole. Akatoa gurudumu dogo la mti, lile la mbele, lenye matope.

"Hii ni kitu gani?" aliuliza.

Makuza alishika bega lake. "Ni ule uzito," alisema.

Straton alitazama chini. Sebarenzi alilitazama gurudumu, akamtazama Nyiramahoro aliyefumba macho, akatoka nje.

Sindano ilichomwa. Walikaa barazani, wanaume wote, hakuna aliyerudi kwa ng'ombe wake. Jua lilitoka. Mbele yao kilima kizima kilitoa mvuke, weupe ukaondoka kutoka chini kwenda juu, mpaka malisho yakawa ya kijani, ungesema hapakuwahi kuwa na kitu. Jioni ilipokaribia masera alitokea mlangoni akifuta mikono. Alisema joto limeanza kushuka. Alisema pia kwamba wangechelewa kidogo, wasingehitaji kuja. Gasana alifanya ishara ya msalaba. Straton alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akaweka uso katika magoti.

Mama alirudishwa kilimani kwa ngobyi ya kweli, mchana, na bega la mbele lilikuwa la Straton. Jumapili iliyofuata gogo la mkaratusi lililetwa katika ua wa Sebarenzi. Neno lilikuwa limesemwa mbele ya watu, na mzee hakuwa mtu wa kumeza neno. Straton hakungoja kuamriwa. Alichukua shoka akalipasua mwenyewe, kwa mapigo mazuri, vipande sawa, kwa sababu hata kuni za kwake hakupenda ziwe mbaya. Moto uliwaka mkali, umesheheni mawese, na maharagwe yakaiva upesi.

"Bibi yako anapika vizuri," alisema Verdiane, akimpa sahani. Hakumtazama kwa lile jicho tena.

Mama alikuwa amekaa karibu na moto, amefunikwa blanketi, kwenye kigoda kifupi cha duara ambacho hakuna aliyekiona kabla. Gasana, aliyekuwa ameketi jirani na goti lake limenyooshwa, alikiangalia kwa muda mrefu.

"Mama Straton, ile kiti ulitoa wapi?"

"Ni ya kwangu," alisema Nyiramahoro.

Sebarenzi alikuwa anatafuna. Aliendelea kutafuna.

Watu walipoanza kutawanyika, mama alimwita Straton kwa kidole. Aliinama. Alidhani anataka kushikwa asimame. Alikuwa ameingiza mkono chini yake, anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa gurudumu, polepole, kama anavyojaribu mwanamke ubora wa ungo sokoni.

"Hapa haiko sawa," alisema kwa sauti ya chini. "Inaenda kidogo upande. Njo maana tulikaribia korongo." Akakohoa, kikohozi chepesi, kisicho na kutu. "Ingine utaichonga vizuri. Na utaichongea hapa, kwa Papa Sebarenzi, bakikuita usikie."